Mgonjwa wa Kaloleni

MAMA PHARES: Haloo! Ongea na nguvu, hii simu iliangukia karai la nguo, siku hizi inaongea kama mtu yuko chini ya kitanda. Haloo! Unatafuta nani?

EVERLINE: Mama, ni mimi.

MAMA PHARES: Mimi nani? Kioo kilikufa, majina siyaoni.

EVERLINE: Eva, Mama. Everline.

MAMA PHARES: Eva?

EVERLINE: Ee, Mama.

MAMA PHARES: Eva wangu? Bibi harusi? Mayi wee! Ngoja. Ngoja nishushe maharagwe, yataungua. Usikate! (Sufuria inagonga sakafu. Jogoo anawika, karibu sana na simu.) Nyamaza wewe! Si wewe, Eva. Huyu. Haya, niko. Bwana asifiwe!

EVERLINE: Amina, Mama. Habari ya huko?

MAMA PHARES: Huku ni kuzuri, wewe ndiwe wa kuulizwa. Mmerudi lini? Mko wazima? Huyo kijana anakulisha?

EVERLINE: Tulirudi juzi. Tuko wazima. Mama, uko peke yako hapo?

MAMA PHARES: Nitakuwa na nani? Phares yuko kazini. Niko na maharagwe.

EVERLINE: Hakuna mtu amepiga hodi?

MAMA PHARES: Mtu gani apige hodi saa hii ya jua? Kwani umetuma mtu?

EVERLINE: Hapana, nauliza tu. Lakini Mama, kuna kitu nilitaka —

MAMA PHARES: Kwanza niambie hanimuni. Mlipanda ile treni mpya, si ndiyo? Phares alinionyesha picha yako kwa simu yake, umekaa dirishani na kofia kubwa kama sinia.

EVERLINE: Tulipanda hiyo.

MAMA PHARES: Ona sasa! Mzee wangu, Mungu amlaze pema, alipeperusha bendera ya kijani kwa ile ya zamani mpaka akastaafu. Ile ilikuwa inatembea usiku kucha. Unalala, unaamka, bado uko Voi. Na bahari mliiona?

EVERLINE: Iko, Mama. Maji ni ya vuguvugu kama ya kuogesha mtoto.

MAMA PHARES: Na chakula?

EVERLINE: Kila asubuhi unakuta meza imejaa. Mayai, matunda, mikate ya kila aina, unajichukulia tu.

MAMA PHARES: Na wewe hukula.

EVERLINE: Nani amekuambia?

MAMA PHARES: Sauti. Mimi nakujua ukiwa umeshiba na nakujua ukiwa na njaa. Si ni mimi nilikuwa nakuita uje ule, baada ya mama yako kutuacha, unajificha nyuma ya tangi la maji ati huna njaa? Na usiku nakusikia unakwangua ukoko wa ugali kwa sufuria yangu. (anacheka) Haya, na nyumba? Donholm ni kuzuri. Mapazia mmeweka?

EVERLINE: Tumeweka. Ya kijivu.

MAMA PHARES: Kijivu? Nyumba ya bibi harusi? Kwani kuna msiba?

EVERLINE: Celine ndiye alichagua.

MAMA PHARES: Celine ni dada ya bwana yako. Yule mrefu, wa pale getini.

(Mtandao unakwaruza.)

MAMA PHARES: Eva? Umepotea?

EVERLINE: Niko, Mama. Ni huyo.

MAMA PHARES: Yule msichana ana adabu, wacha nikuambie. Alituongelesha vizuri. Alisema, "Poleni, mama zangu, leo ni kwa orodha tu." Mama zangu! Mwingine angetufukuza kama mbuzi.

EVERLINE: Mama, hiyo siku —

MAMA PHARES: Hata usianze. Makosa ilikuwa yangu. Kadi ulinitumia, Phares akanisomea: Mama Phares. Jina ni moja. Lakini mimi nikajiambia, tangu lini Kaloleni mtu mmoja akaenda harusi peke yake? Kadi ikiingia nyumba moja, imeingia laini nzima ya nyumba. Si hivyo ndivyo tunajua? Ndindi wa hapo mlango wa tatu alipoolewa, kadi ilikuja ya nani? Na tukaenda wote, mpaka wewe, nikikubeba mgongoni na pua inatoka.

EVERLINE: Ninajua, Mama.

MAMA PHARES: Sasa tukafanya mazoezi ya nyimbo hapo holini, jioni baada ya jioni, mpaka mwenye kufunga holi akasema tuhamie huko na magodoro. Vitenge sare. Kanisa likatupa basi lake. Mama Ndindi akaazima ngoma za isukuti kwa kina Mulongo. Na mimi nikakutafutia jogoo mwenyewe, si yule wa kununua kwa kizimba. Nilimtoa nyumbani, kwa dada yangu huko Vihiga, amekuja akipigwa na upepo juu ya basi. Huyu unayemsikia akipiga kelele hapa.

EVERLINE: Bado... bado yuko hai?

MAMA PHARES: Sasa nimchinje nimpe nani? Huyu ni wako. Nimemfunga kwa mguu wa meza, amekula mahindi yangu mpaka amekuwa kama naibu chifu. Wacha nimalizie. Tukafika getini. Huko Karen kweli kuna miti! Askari akaniambia, "Mama, mkono." Nikampa mkono. Nikamwambia, "Hujambo, baba, habari ya kazi?" Kumbe hataki salamu, anatafuta kile kibendi cha rangi mlikuwa mnafungwa huko ndani!

EVERLINE: (anacheka kidogo, halafu anaacha)

MAMA PHARES: Cheka, ni ya kucheka. Sisi wote tumenyoosha mikono, mstari mzima, tunamwamkua askari. Akaangalia karatasi yake akasema, jina liko moja, mama ingia, hawa wengine warudi. Nikamwambia, mimi niingie niimbe peke yangu, nijiitikie mwenyewe? Nitaonekana nimerukwa na akili. Nikakataa. Ndipo akamwita huyo Celine. Na ndipo gari lenu likafika.

EVERLINE: Mama, tafadhali nisikilize —

MAMA PHARES: Na hukutuona. Nimewaambia hawa wote. Jumapili baada ya ibada nilisimama nikawaambia: mtoto hakutuona. Gari lina vioo vyeusi, usoni ana shela, jua linampiga machoni, angeona nini?

EVERLINE: Kioo kilikuwa kimeshushwa, Mama.

MAMA PHARES: Eh? Hii netiweki inakwaruza. Ndiyo nasema ni hilo shela. Shela ni kama kuangalia watu ndani ya moshi. Mama Ndindi ana mdomo, unamjua. Huyu jogoo aliwika pale pale getini, kwapani kwangu, na Mama Ndindi akasema, "Haya, Petero wetu ako wapi?" Nilimwambia afunge mdomo. Nilimkasirikia kweli. Hatujaongea vizuri mpaka leo.

EVERLINE: Mmekosana na Mama Ndindi? Kwa ajili yangu?

MAMA PHARES: Atakuja tu, akiishiwa na chumvi. Na usifikirie tulilia. Kwani sisi ni watu wa kulia? Tulisimama kando ya barabara tukakuimbia zote. Zote, hata ile ya kumtoa bibi harusi nyumbani, na wewe ulishatoka kitambo. Isukuti ikalia mpaka mbwa za Karen zikajificha. Yule askari alicheza, Eva! Alitingisha mabega mpaka kofia ikaanguka. Tukakaa nyasini tukala chapati zetu. Wazungu wanapita na farasi wanatupiga picha. Ilikuwa harusi nzuri.

EVERLINE: (analia kwa sauti ya chini)

MAMA PHARES: Sasa hicho ni nini? Eva? Una mafua?

EVERLINE: Ee. Ni mafua.

MAMA PHARES: Bahari hiyo. Na vitambaa, askari alikupa? Nilimwachia mfuko wa karatasi. Vyeupe, na ukingo wa buluu. Nilianza kuvishona ulipoingia sekondari.

EVERLINE: Alinipa. Viko hapa. Nimevishika.

MAMA PHARES: Vimetosha makochi?

EVERLINE: Sijaviweka bado. Nilivificha, Mama. Chini ya kitanda.

MAMA PHARES: Ah. Ni sawa. Visiingie vumbi.

EVERLINE: Mama, kredo yangu ni kidogo na kuna jambo la haraka. Ninaomba usinikatize. Frankline anakuja huko.

MAMA PHARES: Huku? Kwangu? Lini?

EVERLINE: Sasa hivi. Amefunga kazi mapema. Amenipigia akiwa soko la Burma, ananunua mifupa. Anatoka hapo kwa miguu.

MAMA PHARES: Burma ni hapo nje! Yesu wangu! Na nimevaa hii dera imeraruka! Eva, kwa nini hukuniambia mapema? Ona nyumba ilivyo. Ngoja. Maji ya chai... Sasa jogoo atachinjwa leo! Mama Ndindi ataninyonyolea, hata kama amenuna. Mkwe akija mara ya kwanza baada ya harusi akose firigisi, nitaangalia watu na macho gani? Atakaa hapo kwa kiti cha Mzee —

EVERLINE: Usichinje, Mama.

MAMA PHARES: Kwa nini nisichinje?

EVERLINE: Hajui habari ya jogoo. Hajui mlikuja.

MAMA PHARES: Hajui tulikuja?

EVERLINE: Anakuja kuona mgonjwa.

MAMA PHARES: Mgonjwa yuko wapi?

EVERLINE: (anapenga pua)

MAMA PHARES: Eva, nani mgonjwa? Ni Phares? Wamekupigia kutoka kazini? Sema!

EVERLINE: Ni wewe, Mama.

(Mtandao unakwaruza. Jogoo anawika mbali kidogo.)

MAMA PHARES: Mimi.

EVERLINE: Siku ya harusi, jioni, aliniuliza: "Yule mama yako wa Kaloleni, aliyenipikia ugali wa kunipima, mbona sikumwona?" Nikaguna tu. Tulikuwa tumechoka, akaacha. Halafu tukafika Diani. Nyuma ya hoteli kuna nyumba za wafanyakazi, na wanafuga kuku. Alfajiri jogoo wao akawika. Niliamka nikaanza kulia, Mama, sikuweza kunyamaza. Frankline akashtuka, akaniuliza nani amekufa. Na mdomo wangu ukasema tu: Mama Phares ni mgonjwa, ndiyo sababu hakuja harusini.

MAMA PHARES: Ulinipa ugonjwa gani?

EVERLINE: Presha.

MAMA PHARES: Presha! Mimi! Mimi nimebeba gunia la sukuma wiki mpaka soko la Jericho na malaria kichwani, nimefunga leso, watu wananunua hawajui! Presha ni ya watu wanene wanaokaa ofisini!

EVERLINE: Nilikosea, Mama.

MAMA PHARES: Na ugonjwa haujaniisha mpaka leo?

EVERLINE: Kila siku alikuwa anauliza, "Mama anaendeleaje?" Na mimi nasema, "Ana nafuu kidogo." Hakuacha kukuombea. Anapiga magoti kando ya kitanda cha hoteli, anataja jina lako, na mimi nimefumba macho naitikia amina. Leo akasema hawezi kuingia wiki nyingine hajakuona.

MAMA PHARES: Kijana mzuri. Sasa umenipigia kwa nini?

EVERLINE: Nilitaka kukusalimia pia.

MAMA PHARES: Eva.

EVERLINE: Nilitaka kukuomba... ulale kidogo. Mpaka aondoke tu. Ujifunike blanketi, useme una nafuu, usiseme mengi.

(Jogoo anadonoa sakafu.)

MAMA PHARES: Everline.

EVERLINE: Mama.

MAMA PHARES: Mimi niliokoka hapa Kaloleni, mbele ya watu. Unajua kama huwa nasema uongo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinichukia ukiwa mdogo, kwa sababu mwalimu akiniuliza kama ulikuwa mgonjwa, nilikuwa nasema hapana, alikuwa anacheza kalongo na wenzake, wanapika matope.

EVERLINE: Ninakumbuka.

MAMA PHARES: Sasa ebu nieleze, mimi ni mtu wa kawaida sikusoma sana. Kwa nini hukumwambia tu ukweli? Si rahisi? "Mama yangu alikuja na wenzake, hawakuwa na kibendi, wakafungiwa nje, na mimi sikuwaona." Hiyo si dhambi. Hiyo ni bahati mbaya. Angesema pole, mngekuja hapa wote wawili, tungecheka. Ugonjwa ulikuwa wa nini?

EVERLINE: Mama —

MAMA PHARES: Nakuuliza. Kama hukutuona, ugonjwa ulikuwa wa nini?

EVERLINE: Kwa sababu angemuuliza Celine.

MAMA PHARES: Na Celine angemwambia nini?

(Mtandao unakwaruza.)

EVERLINE: Mama, usinifanye niseme.

MAMA PHARES: Sikufanyi kitu. Simu ni yako. Kredo ni yako.

EVERLINE: Celine aliinama kwa dirisha, akaniuliza, "Unawajua hawa?" Na niliwaona. Niliwaona wote. Niliona vitenge, niliona ngoma, nilikuona na jogoo kwapani. Hakukuwa na jua lolote machoni. Nilikuwa nimefunua shela. Niliwaona, Mama.

MAMA PHARES: (kimya)

EVERLINE: Mama? Ilikatika? Umenisikia?

MAMA PHARES: Nimekusikia. Na siku ile pia nilikusikia.

EVERLINE: Hapana. Mama, hapana.

MAMA PHARES: Nilikuwa karibu na gari kuliko huyo Celine. Ulisema, "Siwajui hao. Labda wametafuta harusi nyingine huko mbele wakapotea." Halafu ukapandisha kioo. Sauti yako naijua, Eva, hata ukisema ndani ya kisima. Nilikuwa nimeinua mkono nikupungie. Nikaushusha polepole nikajikuna kichwa, ili Mama Ndindi asijue ulikuwa umeinuliwa kwa nini.

EVERLINE: Na bado umewaambia watu...

MAMA PHARES: Nimewaambia kanisani. Na Biblia mkononi. Unadhani uongo wako wa presha ni wa kwanza? Wa kwanza ni wangu.

EVERLINE: (analia) Niliona haya, Mama. Sina la kujitetea. Mama mkwe alikuwa gari la nyuma, na kwenye vikao vyote alikuwa akisema hataki watu wa kelele, hataki vitu vya mtaani. Nikaona ngoma, nikaona jogoo, nikaogopa ataniona mimi ni nani. Niliona haya kuwa na nyinyi. Halafu kioo kikapanda, nikajiona ndani yake na lile shela, na hapo hapo nikajionea haya mwenyewe. Lakini gari lilikuwa limeshaingia. Ningesema nini? Simamisha? Ningesema simamisha! Kwa nini sikusema simamisha?

MAMA PHARES: Mimi sijui.

EVERLINE: Nitukane tu. Nitukane, nitafurahi.

MAMA PHARES: Sikutukani. Lakini uliniumiza, na sitakuambia hukuniumiza ili ulale vizuri. Sijalala vizuri mimi. Ulipopata ile yako ya kwanza ya wasichana, ukalia ukidhani unakufa, nani alikufulia shuka? Nani alikwenda shuleni kuomba radhi ulipompiga mtoto wa Luseno na sufuria? "Hao." Mimi ni "hao", Eva? Kama ungesema, "Huyo mmoja namjua, hawa wengine siwajui," ningerudi na wenzangu na moyo mweupe. Ningesema, mtoto amebanwa na wakwe. Lakini ulisema hao, na mimi nikiwa mbele yao wote.

EVERLINE: Nisamehe.

MAMA PHARES: Naogopa kusema haraka nimekusamehe halafu iwe ni uongo mwingine.

EVERLINE: Basi sikiliza. Usilale. Usijifunike kitu. Frankline akifika, mpe simu. Nitamwambia yote mimi mwenyewe, na wewe ukiwa hapo unasikia. Nilivyosema getini na nilivyokusingizia ugonjwa.

MAMA PHARES: Umwambie nini? Ndoa yenyewe bado ina mchele kwa nywele! Leo ukimwambia ulimkana aliyekulea, atanyamaza, ni mpole. Lakini siku mkikosana, atakumbuka. Atasema, huyu alimfanyia hivyo mama yake, mimi je?

EVERLINE: Aseme. Nimechoka kuitikia amina, Mama. Kila akikuombea presha ishuke, mimi ndiyo napanda presha.

MAMA PHARES: Na huyo mama mkwe? Na Celine? Utaishi nao vipi?

EVERLINE: Nitaishi tu. Nitaweka vitambaa vyako kwa makochi, waje wavikalie. Jumapili nitakuja hapo kanisani nisimame, nimwambie Mama Ndindi alikuwa amesema kweli. Nipe tu nafasi ya kusema, Mama. Usinisaidie. Leo usinisaidie.

MAMA PHARES: Eva, wewe ni mtoto —

(Kwa mbali, mlango unagongwa.)

FRANKLINE (kwa mbali): Hodi! Hodi hapa kwa Mama Phares?

EVERLINE: Ni yeye. Mama, mpe simu.

MAMA PHARES: (kwa sauti ya chini) Leso yangu iko wapi.

EVERLINE: Leso ya nini? Mama? Mpe simu. Tafadhali. Mwambie Eva yuko hapa anataka kuongea na wewe.

(Kitanda kinalia.)

EVERLINE: Hicho ni kitanda? Mama, usilale! Ninakuomba!

MAMA PHARES: (anakohoa) Karibu, baba... (anakohoa) Sukuma tu, mlango hauna komeo.

EVERLINE: Mama, ni presha nilisema. Presha haina kikohozi. Wacha. Wacha tu, aki.

FRANKLINE (kwa mbali): Usiamke, Mama, kaa hapo hapo. Pole sana. Nimekuletea mifupa ya supu. Woi, kumbe umekonda hivi?

MAMA PHARES: Mungu ni mwema, baba. Leo nina nafuu.

FRANKLINE (kwa mbali): Eva hajakuwa na raha hata kidogo. Huko Diani alikuwa akiamka analia, alfajiri, kabla hata ya kufungua macho.

MAMA PHARES: Alikuwa analia?

FRANKLINE (kwa mbali): Kila siku, kwa ajili yako.

MAMA PHARES: Haya. Asante kwa kuniambia.

FRANKLINE (kwa mbali): Na huyu jogoo kama tausi? Ni wa kuuza?

MAMA PHARES: Huyo ni wenu. Nilikuwa nimewawekea wa harusi. Niliamka siku hiyo nikiwa nimeshajipanga, kitenge nimevaa... miguu ikakataa. Wenzangu wakaniambia, tukuache hivi? Wakabaki na mimi. Ndiyo sababu hakuna hata mmoja wetu mlimwona.

EVERLINE: Mama! Mama, nakusikia! Frankline! Frankline, si kweli!

FRANKLINE (kwa mbali): Simu yako inaongea, Mama. Hapo chini ya blanketi. Kuna mtu?

MAMA PHARES: Ni hii simu mbovu.

FRANKLINE (kwa mbali): Namsikia mwanamke analia. Ni nani?

EVERLINE: Sema ni mimi. Mama, sema ni Eva.

(Mtandao unakwaruza, kisha unatulia kabisa.)

MAMA PHARES: Sijui, baba. Ni mtu amekosea namba. Simjui huyo.

(Simu inakatwa.)